Prosesa Kwenye Kopo la Biskuti

9 Januari

Mwanangu Maswali,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi. Bado nimekiwekea diski mbovu chini ili kisiyumbe, na naweza kusema ndiyo diski pekee humu ndani inayofanya kazi bila malalamiko. Mimi mzima, isipokuwa macho. Siku hizi skrubu nikiziweka karibu sizioni, nikiziweka mbali sizifikii. Mama yako naye mzima. Alipita juzi, akaitazama meza yangu, akasema, "Kaka, hii ni meza au jalala?" Nikamwambia ni hospitali. Akajibu kwamba hospitalini huwa kuna wanaopona. Dada yangu hajabadilika hata kidogo. Wengine wa nyumba ile nasikia nao ni wazima.

Usinicheke kwamba fundi kompyuta anaandika kwa kalamu. Mimi ndiye ninayefungua simu za watu, kwa hiyo najua fundi huona nini humo ndani. Nawe kazini kwako simu mnaziacha getini. Basi karatasi itutoshe.

Sasa sikia kilichonipata. Jumatatu ameingia mwanafunzi anayesomea uchoraji wa majengo, kashika laptop nyembamba kama sinia. Akaifungua mezani kwangu, ikatokea ghorofa ya sakafu kumi na mbili. Akaizungusha kwa kidole, madirisha yanang'aa, kivuli kinahama. Nikamuuliza, "Kadi ya picha uliyoweka humu ni ipi?"

"Haina kadi, fundi."

"Haiwezekani."

"Picha iko ndani ya prosesa yenyewe."

Mwanangu, mimi si mshamba. Prosesa zenye picha ndani nimeziona tangu hujavaa sare ya shule. Lakini picha yake ilikuwa ya kuandikia barua na kutazamia filamu, tena filamu yenyewe isiwe na watu wengi. Hii ilikuwa inazungusha ghorofa! Nikabaki mdomo wazi mpaka kinyozi wa jirani akaja kuuliza kama nimepigwa shoti. Yule kijana akanimalizia: "Na zinazokuja mwakani ni kali zaidi, za laptop na za mezani."

Dirishani nina kadi za picha kumi na tisa nilizozifufua kwa mikono yangu hii. Ndiyo kazi ninayojulikana nayo. Wewe uko jikoni zinakopikwa. Niambie ukweli: niendelee kufufua kadi, au nianze kuuza sabuni?

Mjomba wako,
Pima

*

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kitandani, nikacheka hadi jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi mzima. Baridi ya chumba cha majaribio imenizoea. Nimepata glavu mpya, na ile bangili ya waya tunayojifungia mezani, ili umeme wa mwilini usiue vipande, sasa naivaa kama saa.

Kazi yangu, ukitaka kujua, ni kumtazama farasi. Kila prosesa mpya inapowekwa kwenye soketi inapewa picha ile ile, farasi anayekimbia uwandani. Mimi natazama manyoya ya shingo. Unywele mmoja ukikatika, prosesa ile inakwenda kwenye trei nyekundu. Nimemtazama farasi huyu miaka miwili na bado hajafika anakokwenda.

Nilitia saini karatasi ya kufunga mdomo, kwa hiyo nakupa tu yale ambayo kampuni imeshayatangaza mbele za watu. Yule mwanafunzi hakukudanganya. Kwenye za laptop zinazokuja, sehemu ya picha inachukua karibu nusu ya kipande. Za mezani nazo, ambazo zilikuwa zikipewa picha ya kubahatisha, zinapewa ya maana. Kuanzia mwakani kiwandani kwetu zote zitatoka na picha ndani. Hakuna tena zisizo na picha.

Usiuze sabuni, mjomba. Picha ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula ile ya mashine. Kwa hiyo watu watakuja kwako wakilalamika kwamba mashine inasuasua, na dawa ni kuongeza kumbukumbu, vipande viwili vinavyolingana. Weka hivyo dirishani.

Jambo moja la mwisho. Tukitoka tunapekuliwa getini, mifuko, viatu, hata nywele, asije mtu akatoka na kipande kimoja. Kila nikinyoosha mikono nakumbuka jina ambalo mtaa ulimpa baba. Badili. Nakumbuka pia nani alilianzisha. Mama ananiambia baba bado anapima magunia pale ghalani. Hukuuliza, najua. Ni miaka saba hujauliza. Nimeandika tu kwa sababu wino ulikuwa umebaki.

Mpwa wako

*

24 Februari

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mama yako anasema anakuombea, na anataka picha yako ukiwa na hizo glavu. Mvua imenyesha, paa limevuja mahali pale pale, nami nimehamisha ndoo kwa ustadi wa miaka mingi. Vipande viwili vinavyolingana nimevielewa. Ahsante.

Ila kuna neno limenikwama kooni kama mfupa. Umeandika, "hakuna tena zisizo na picha." Tena? Kwani zilikuwepo? Mimi nimejifunza kazi hii kwa kufungua na kufunga, sikupita chuo, lakini prosesa zote zilizopita mkononi mwangu zilikuwa na picha ndani, hata kama ni ya kubahatisha. Ukichomoa kadi, unachomeka kebo ya skrini kwenye tundu la bodi, unaona. Isipoonyesha, prosesa imekufa. Hiyo ndiyo njia ninayopimia, na wewe unajua ukutani kwangu nimeandika nini kwa rangi ya mafuta: HAPA TUNAPIMA KWANZA.

Nadhani kalamu ilikuteleza. Nijibu hilo tu.

Mjomba wako

*

14 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mwambie mama picha inakuja, ingawa nikivaa glavu na kofia ya karatasi nafanana na mpishi aliyefukuzwa kazi.

Kalamu haikuteleza. Zilikuwepo, tena nyingi, na mpaka leo zipo madukani. Kuna zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo, kwa watu ambao wangenunua kadi tu hata iweje. Na kuna zile ambazo sehemu ya picha ilitoka kiwandani ina kasoro. Kipande kizima kilikuwa kizuri, picha tu ndiyo mbovu. Wakaifunga, wakaiuza kama isiyo na picha. Haina ubaya, inafanya hesabu zake kama kawaida, na ni nzima kabisa. Ila ukiichomoa kadi ukachomeka kebo kwenye tundu la bodi, feni zitazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi tii. Si kwamba imekufa. Haina tu pa kutolea picha.

Kwa macho zinafanana kama mapacha. Unazitofautisha kwa alama iliyochongwa mgongoni.

Mjomba, ina maana zote hizo ulikuwa ukiziandika zimekufa? Ulizika ngapi?

Mpwa wako

*

30 Machi

Kuna mteja ameleta prosesa. Ya mezani, ya miaka saba au minane iliyopita. Alama za mgongoni nimezinakili hapa chini kwa lenzi, moja baada ya nyingine, nikazikagua mara tatu. Niambie kama ilikuwa na picha.

Nakusihi usichelewe.

*

17 Aprili

Mjomba, shikamoo, ingawa barua yako haikuwa na salamu, haikuwa na habari ya mama, wala haikuwa na jina lako chini. Nilidhani ukurasa mmoja umepotea njiani.

Nimetafuta alama hizo kwenye orodha za zamani. Haina picha. Haikuwahi kuwa nayo hata siku moja. Bila kadi, skrini itakuwa nyeusi leo na kesho, na prosesa ni nzima.

Mteja huyo ni nani?

Mpwa wako

*

22 Juni

Mjomba,

Miezi miwili. Nilidhani barua zimekwama posta, lakini mama anasema zangu zinafika, umezipanga chini ya simu mbovu. Anasema mwezi wa nne ulifunga duka siku mbili ukasingizia mafua, na tangu hapo ukimwona unazungumzia hali ya hewa. Wewe! Mtu uliyewahi kumsuta mchungaji kwa sababu ya kikokotoo!

Kama unaumwa, sema. Kama umenikasirikia, sema pia. Nilikuuliza swali moja tu, mjomba. Mteja ni nani?

Maswali

*

3 Julai

Mwanangu,

Sina ugonjwa. Mama yako mzima, paa bado linavuja. Salamu zimekwisha, sasa nakaa kwenye kiti cha moto.

Mteja ni mimi. Prosesa ile imekaa kwenye kopo la biskuti, rafu ya juu, miaka saba. Niliiweka kama ushahidi.

Najua nyumbani kwenu hamkuwahi kuelezwa sawasawa, kwa sababu baba yako si mtu wa kujieleza na mimi nilieleza kupita kiasi. Basi sikia. Wakati ule mimi na baba yako tulikuwa mafundi wa duka hili hili moja, na ofisi ya wapima ardhi ilileta mashine inayopata moto. Baba yako aliifungua Jumanne, akaona feni ya kadi ya picha imekufa. Akaichomoa kadi, akaiweka kabatini, akatoka kwenda kutafuta feni. Mimi siku hiyo sikuwepo. Jumatano saa nne asubuhi mpima ardhi akaja kudai mashine yake. Nikachomeka kebo kwenye tundu la bodi, nikawasha. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii.

Nikachomoa prosesa ile, nikaweka nyingine ya kwangu. Picha ikaja hapo hapo. Unaona nilivyopima? Nikasema basi, shemeji kaiba prosesa nzima ya mteja kaweka maiti. Ndipo akaingia, katoka juani, na mimi sikungoja hata aweke mfuko chini. Nilimtoa hadi barabarani. Kinyozi alikuwa na mtu nusu kichwa, wote wawili wakatoka kutazama. Fundi cherehani alisimamisha mashine. Nikasema, "Tazameni, huyu ndiye anayebadili vitu vya watu!"

Baba yako alisema sentensi moja. "Nipe ile kadi nikuonyeshe."

Nikamwambia, "Usiguse kitu changu."

Akaweka bisibisi yake mezani, akaondoka. Kufika jioni alikuwa ameshapewa jina.

Mwezi wa nne nilipopata jibu lako nilifunga mlango. Nikashusha kopo. Nikatafuta bodi inayolingana, nikaiweka ile prosesa, kebo kwenye tundu la bodi. Nyeusi. Weusi ule ule, mwanangu, ningeutambua kati ya weusi mia. Halafu nikachukua kadi moja dirishani, nikaichomeka, nikahamisha kebo. Maandishi meupe yakapanda kwenye skrini kana kwamba hakuna lililotokea. Nikakaa sakafuni hadi kinyozi akagonga kuuliza mbona feni inalia na duka limefungwa.

Ningeweza kuishia hapo, ungesema mjomba alikuwa mjinga. Mjinga husamehewa. Lakini kopo lina kitu cha pili.

Mwaka wa tatu baada ya siku ile nilikuwa nasafisha droo. Nikakuta kipande cha boksi kilichofungwa kamba, mwandiko wa baba yako. Nadhani kilikuwa kimefungwa kwenye ile kadi, nami nilikikwanyua kwa hasira bila kukisoma. Kinasema: "Feni imekufa, nimekwenda kutafuta nyingine. Usiwashe bila kadi hii."

Nilikisoma mara mbili. Prosesa ilikuwa juu ya kichwa changu, kadi zimejaa dirishani, bodi ziko chini ya meza. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Nikakikunja kile kipande, nikakitia kwenye kopo, nikafunga kifuniko. Nikaendelea na kazi nikiwa nimekaa chini ya maandishi yangu ya rangi ya mafuta.

Sikupima, mwanangu. Miaka minne mizima sikupima, kwa sababu nilijua kipimo kingesema nini.

Mjomba wako

*

21 Julai

Mjomba,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido na bangili ya waya ikining'inia mkononi. Nilisahau kuivua. Niliporudi ndani farasi alipita mbele yangu saa nzima na sikuona hata kama ana shingo. Msimamizi akanihamishia kwenye kupanga trei. Nimeanza barua hii mara nne, na zile tatu zingine hungependa kuziona.

Droo! Kopo! Miaka minne! Wewe ambaye simu ya mtu ikiingia maji unaipima mara sita!

Lakini siwezi kukurushia mawe nikaficha yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba siku ile. Baba alirudi, akakaa uani. Alipoingia kuoga, mimi nilifungua mfuko wake wa kazi nikaupekua. Nilikuwa natafuta prosesa ya mpima ardhi. Umesikia? Nilimpekua baba yangu kabla hata sijajua kwamba kuna mageti yanayopekua watu. Sikuiona prosesa. Niliona feni ndogo mpya kwenye mfuko wa nailoni, na karatasi ya dukani yenye tarehe ya siku ile ile. Nikairudisha nikafikiri, hii si kitu.

Sikujua ilikuwa ya nini mpaka juzi, mstari wa saba wa barua yako.

Na tangu hapo niliamini, mjomba. Sikusema, ila niliamini. Nilikuja huku mbali ili niwe mtu ambaye akipekuliwa haonekani na kitu. Miaka miwili prosesa zisizo na picha zimepita kwenye glavu zangu kwa maelfu, na haikunijia hata mara moja kuuliza skrini ile ilikuwa nyeusi kwa nini. Wananiita Maswali. Hilo moja sikuuliza.

Kwa hiyo mimi nimeshamwandikia baba barua yangu. Yako si karatasi. Ulimwita mwizi barabarani, saa nne asubuhi, watu wakisikia. Usimwendee kwa mlango wa nyuma ukamnong'oneza. Kinyozi bado yupo. Fundi cherehani bado yupo. Na mpima ardhi unajua ofisi yake.

Nakuja likizo mwezi wa kumi. Kama mtaa bado unamwita Badili, sitapita mbele ya duka lako.

Mpwa wako

*

12 Agosti

Mwanangu,

Mama yako mzima, ila alipopata habari yote alinitazama muda mrefu kama anavyotazama nyama ya jana, akasema, "Kaka, wewe?" Basi. Tangu hapo hajaniita jalala wala hospitali. Afadhali angenitukana.

Jumatano iliyopita saa nne nilitoa meza nje, nikaiweka pale pale nilipokuwa nimesimama. Juu yake bodi tupu, skrini, kopo la biskuti, kadi moja. Kinyozi akaja na taulo begani. Fundi cherehani akaja na futi shingoni. Mpima ardhi amestaafu, lakini nilimfuata nyumbani na akaja na fimbo yake. Alikaa kwenye kiti changu kinachoyumba, nikasahau kumwonya.

Ghalani nilikwenda mwenyewe. Baba yako alikuwa ametia unga hadi kwenye nyusi. Nikamwambia, "Shemeji, nakuomba saa yako ya chai, leo tu."

Akaniuliza, "Kuna nini?"

Nikasema, "Nataka kupima kitu, na nataka uwepo."

Alifunga mizani yake kwa kitambaa, taratibu, kisha akanifuata. Hatua mia tatu hivi. Niliwahi kubeba jiko la umeme hatua nyingi zaidi ya hizo na halikuwa zito hivyo.

Nikafungua kopo mbele ya watu. Nikaeleza ile ni prosesa gani. Nikaiweka, kebo kwenye tundu la bodi, nikawasha. Nyeusi. Kinyozi akasema, "Si ndiyo hii aliyoibadili? Imekufa, hata mimi naona." Nikasema, "Subiri." Nikachomeka kadi, nikahamisha kebo, nikawasha. Picha ikaja.

Taulo lilimdondoka kinyozi. Fundi cherehani alishika mdomo kwa mikono miwili. Mpima ardhi akasema polepole, "Kumbe ilikuwa nzima. Ndiyo maana mashine yangu ilikuwa goigoi miaka yote ile baada ya wewe kuweka ya kwako. Na mimi nikawa namlaani yeye."

Nikasoma kile kipande cha boksi kwa sauti. Nikasema nimekuwa nacho miaka minne. Nikasema huyu hakubadili kitu cha mtu, na mwizi aliyekuwepo siku ile ni mimi, niliyemwibia jina lake. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe."

Watu wote wakamgeukia. Baba yako alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaiangalia kadi. Akainama, akaigusa kwa kidole ikacheza.

Akasema, "Skrubu hujafunga."

Bisibisi yake ilikuwepo mezani, ile yenye utepe mwekundu. Sikuwahi kuitumia wala kuiuza. Akaichukua, akafunga skrubu mizunguko minne, akairudisha ilipokuwa. Akapangusa unga uliodondokea kwenye bodi. Halafu akasema saa ya chai imekwisha, akarudi ghalani.

Ndiyo hivyo. Hakunisamehe, wala hakukataa. Kinyozi ananiuliza maana yake nini, namwambia sijui. Nimeacha kusema kabla sijapima.

Bisibisi bado iko pale mezani. Nazunguka nikipita, nisiiguse.

Mjomba wako

*

5 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Namshukuru Mungu, nimerudishwa kwa farasi. Bado hajafika.

Baba ameniandikia. Ni barua yake ya kwanza tangu nije huku, mistari sita. Anasema wa nyumbani wote wazima. Anasema amesoma yangu, na ile habari ya kupekua mfuko alikuwa anaijua siku zote, kwa sababu niliufunga zipu na yeye huwa hafungi. Miaka saba alijua! Nilikaa ngazini na ile barua hadi kengele ya zamu ikalia mara ya pili. Hakuongeza neno juu ya hilo. Mstari wa mwisho anauliza: hizo prosesa zinazokuja, kama picha yote iko ndani, moto wake unakuwaje? Feni za kawaida zitatosha?

Nimemjibu kurasa nane. Yote yametangazwa, usiogope.

Mama anasema jana alifungua droo ya baba kutafuta sindano, akakuta ule mfuko wa nailoni wenye feni, uliokaa humo miaka yote, haumo. Amemuuliza, kajibu, "Nimeupeleka kazini." Ghalani feni ya kazi gani? Wewe unajua chochote?

Maswali

*

19 Septemba

Mwanangu Maswali,

Sote wazima. Nakuandikia kwa haraka.

Leo asubuhi nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta skrubu nisiyoiona. Nikaona viatu vyenye unga. Nikainuka nikajigonga kichwa. Baba yako alikuwa amesimama upande wa ndani wa kaunta, upande wa mafundi. Akatoa mfuko wa nailoni, umekuwa wa njano kwa kukaa, akauweka mezani kando ya bisibisi yake.

Akasema, "Shemeji, feni hii hapa. Samahani, nimechelewa kidogo."

Ile kadi ilikwisha kufa zamani, hata mpima ardhi mwenyewe hajui iko wapi. Feni hii haina pa kwenda. Nilifungua mfuko, nikashika nyaya zake mbili, nikazigusisha kwenye umeme mdogo wa mezani, naye akiwa ameinama karibu yangu akitazama kama zamani.

Inazunguka.

Mjomba wako